Pini ya Thelathini

Nguo haitoki mlangoni kabla pini zote hazijarudi nyumbani. Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa na fundi aliyenifundisha cherehani, kabla hata sijaruhusiwa kushika mkasi. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba juzi tu, najiona msomi, nikamuuliza kwa nini tupoteze muda kuhesabu vitu vidogo vile. Alichukua pini moja akanigusa nayo mgongoni, kidogo tu, juu ya blauzi. Sikuuliza tena.

Basi pini zangu ni thelathini. Ni za chuma kitupu, hazina vichwa vya rangi, na hukaa kwenye kimto cha kijani nilichokijaza pamba mwenyewe, safu sita, kila safu tano. Tangu ujanani sizihesabu kwa macho. Napitisha ncha ya kidole huku naongea na mteja, na mwisho wa safu ya sita kidole chenyewe huniambia: zimetimia, mpe nguo yake aende.

Jumamosi ile, saa tatu asubuhi, nilivuta kimto ili nipunguze suruali ya mwalimu. Jicho langu likaanguka kwenye safu ya nne. Palikuwa na pini nne.

Nikahesabu zote kwa macho. Ishirini na tisa. Nikavaa miwani, nikazihesabu tena nikigusa kila moja kwa ncha ya mkasi. Ishirini na tisa.

Nguo ya mwisho kutoka mlangoni mwangu ilikuwa gauni la mtoto mchanga.

Lilikuwa gauni jeupe la pamba, na kwa ndani nililitia bitana laini ili mishono isimkwaruze mtoto. Ukisahau pini kati ya kitambaa na bitana, huioni. Unaweza kulikunja gauni, ukalipiga pasi, ukalitundika, pini imelala humo kimya inasubiri mwili. Na mtoto mwenyewe ni wa mke wa kinyozi, aliyezaliwa baada ya miaka tisa ya kungoja. Mchana wa siku hiyo ndipo angepigwa picha yake ya kwanza.

"Wifi!" niliita. "Wifi, njoo!"

Wifi yangu ni dada wa marehemu mume wangu. Nilipoanza matibabu ya saratani ya titi alikuja kunikalia wiki mbili, na sasa ulikuwa mwezi wa tano. Ulimi wake ni wembe mpya. Tumetaniana miaka arobaini na hakuna aliyewahi kushinda.

"Kuna nini? Usiniambie umeona panya," alisema, kaja na sahani na kitambaa cha kufutia.

"Jana ulimpelekea mke wa kinyozi lile gauni saa ngapi?"

"Kumi na moja jioni. Akanishukuru mpaka nikaona aibu, utadhani nimeshona mimi. Kwani?"

"Pini moja haipo."

Kitambaa kiliacha kuzunguka kwenye sahani.

"Si ulihesabu? Nilikuona kwa macho yangu unapapasa hapo, huku unanicheka kwamba nafunga mzigo kama nafunga mbuzi."

"Nilihesabu."

"Ukapata ngapi?"

"Thelathini."

"Sasa?"

Jibu nilikuwa nalo, lakini nilikuwa nimelificha tangu dripu ya tatu.

Hospitali tunapokwenda kuna chumba chenye viti sita vikubwa. Kila mtu anakaa na dripu yake, saa nne, saa tano. Mimi pale nina jina, wananiita Bi Kicheko. Nilipoanza kunyonyoka nywele nilijishonea kilemba cha mabaki ya vitambaa, cha maua mbele na mistari nyuma, na wenzangu walipokitamani nikawashonea wote, hata yule ambaye nywele zake hazikutoka. Sista wetu alisema chumba kimekuwa kama duka la nguo. Nilikuwa nimeapa kwamba ugonjwa utachukua nywele, utachukua ladha ya chai, lakini uso wa msiba hautauona kwangu. Na kilichonishikilia ni cherehani. Asubuhi nikishakaa pale na kukanyaga, mimi si mgonjwa tena, ni fundi mwenye kazi za watu.

Halafu vidole vikaanza kufa ganzi. Kwanza mikononi, kama nimevaa glavu nisizoweza kuvua, kisha na miguuni. Mgonjwa mwenzangu wa kiti cha dirishani, mpishi wa shule, alimweleza daktari ganzi yake, na wiki hiyo hiyo akakatazwa kusogelea jiko na visu. Nilimwona alivyokaa siku ile, mikono mapajani, kama mtu aliyenyang'anywa mtoto. Zamu yangu ilipofika daktari akaniuliza, "Na wewe Bibi, vidole vipi? Ganzi?"

"Daktari," nikamwambia, "vidole vyangu vinaujua uzi kwa rangi, gizani."

Chumba kizima kikacheka. Daktari naye akacheka, akaandika kitu, akaenda kiti kinachofuata. Uongo wangu ulipita mlangoni umevaa kicheko na hakuna aliyeupekua.

"Wifi, nakuuliza wewe," wifi alisema. "Sasa?"

"Lete sumaku."

Tunayo sumaku ya kazi, imefungwa kwenye kamba ndefu. Ndiyo tunayoiburuta sakafuni kila Jumamosi jioni. Wifi akapiga magoti akaiburuta chini ya meza, chini ya kabati la vitambaa, pembeni mwa mlango, na kunizunguka mimi nilipokaa. Ikaleta sindano iliyokatika, kibanio cha nywele zangu za zamani, na nusu ya zipu. Ikang'ang'ania kikanyagio cha cherehani mpaka akaivuta kwa mikono miwili. Pini haikuja.

"Mpigie simu," nikasema.

Simu ya mke wa kinyozi haikupatikana. Tukampigia kinyozi mwenyewe, ikaita mpaka ikakata. Tukapiga tena. Kinyozi akiwasha mashine yake hata radi haisikii.

"Kaa hapa, naenda," wifi alisema, tayari anavaa viatu.

"Utaitafuta vipi? Unajua nilishona wapi mara mbili na wapi mara moja?"

"Wewe leo siku yako ya ngapi?"

Ilikuwa ya kumi tangu dripu ya nne. Sista alituonya kwamba kati ya siku ya saba na ya kumi na nne askari wa damu wanakuwa wachache mno. Usiende kwenye watu wengi, usijikate, usijichome, ukisikia joto pima, likifika thelathini na nane njoo mbio. Hayo wifi aliyashika kuliko mimi.

"Nitavaa barakoa," nikasema. "Twende."

Nilikuwa peku, maana cherehani naikanyaga peku siku zote. Nikaingiza miguu kwenye ndara, tukatoka.

Kutoka kwangu hadi kwa kinyozi ni mitaa mitatu. Siku za afya yangu ni mwendo wa dakika kumi. Tulipita duka la vifaa vya umeme, tukapita gereji ambako mtu alikuwa chini ya gari na miguu tu inaonekana, na kila nilipokanyaga niliona mahali pengine pa lile gauni. Shingoni? Pale niliweka pini tatu, nakumbuka nilizitoa kwa meno. Kwapani? Mbili. Upindo wa chini, pini kumi na moja. Kumi na moja au kumi na mbili?

"Mbona unakanyaga kama kuku aliyefungwa mguu?" wifi aliuliza.

"Nimechoka tu."

"Tusimame."

"Tusisimame."

"Mtu mkaidi hivi sijui kaka yangu alikupendea nini."

"Alipenda nilivyokuwa simjibu dada yake."

Hakucheka, na mimi sikucheka. Tulikuwa tunatupiana maneno kama watu wanaotupiana ndoo kwenye moto.

"Nilimpelekea kwa mkono wangu," alisema baada ya hatua chache, kwa sauti ndogo. "Wifi, mimi ndiye niliyempa."

Kinyozi anaishi ghorofani, juu ya saluni yake, na ngazi iko pembeni, kwa nje. Ngazi kumi na sita. Nilishika chuma cha pembeni, lakini sikujua nimekishika kwa nguvu au kidogo, ikabidi nikitazame kiganja. Chini mashine ya kunyolea ilikuwa inanguruma. Juu palikuwa kimya kabisa, na kimya kile ndicho kilichonitoa jasho.

Mke wa kinyozi akafungua kidogo, kaweka kidole mdomoni.

"Bibi! Karibuni. Taratibu tu, kalala sasa hivi. Leo kanitesa! Tangu nimvishe gauni analia. Nimemnyonyesha, analia. Nimembeba, analia. Sijui tumbo."

Wifi alinishika mkono juu ya kiwiko. Huko nilisikia, maana ganzi haijafika huko.

Tulivua viatu mlangoni. Sakafu yake ni ya vigae vyeupe, inang'aa, imepigwa deki asubuhi ile ile.

"Mwanangu," nikasema, "mvue mtoto gauni."

"Kalala, Bibi. Akiamka nitakuonyesha, limemkaa vizuri sana."

"Mvue sasa. Kuna pini. Nimeisahau mimi."

Alinitazama bado anatabasamu, lile tabasamu likabaki peke yake usoni halina mwenyewe. Kisha akakimbia.

Sitausahau ukelele wa yule mtoto alipoamshwa. Mama yake alimlaza kitandani, vidole vinamteleza kwenye vifungo, vifungo vidogo sita nilivyovishona mimi kwa maringo, sasa kila kimoja ni kikwazo. Wifi akamsaidia. Gauni likatoka. Mke wa kinyozi akanirushia kifuani.

"Itafute!"

Nikakaa pembeni ya kitanda, nikaanza na upindo. Nikapapasa. Vidole vilikuwa vinatembea juu ya kitambaa na havikuniambia lolote, si laini, si ngumu. Hata ningepapasa makaa ya moto ingekuwa vilevile. Mke wa kinyozi alikuwa anamgeuza mtoto, anakagua mgongo, makwapa, mikunjo ya mapaja, analia na kusema "iko wapi, iko wapi," na mimi fundi wa miaka arobaini nimeshika gauni kama mtu aliyeshika barua asiyejua kusoma.

Nikavuta barakoa chini. Midomo ilikuwa bado yangu. Nikaupitisha upindo wa gauni kwenye midomo, polepole, inchi kwa inchi.

"Wifi! Umerukwa na akili?" wifi alifoka. "Ikikuchoma mdomoni?"

Nikamaliza upindo, nikapanda mishono ya ubavuni, nikaingia kwapani, shingoni, mikononi. Pamba, uzi, pamba, harufu ya maziwa. Hakuna chuma. Nikarudia upindo, sababu niliogopa kuamini.

"Humu haimo," nikasema.

"Basi imeingia kwa mtoto!" Mama akamnyanyua, na aliponyanyua ndipo alipoona chini. "Damu!"

Kwenye kigae cheupe, karibu na mguu wa kitanda, palikuwa na tone jekundu, ukubwa wa kifungo cha shati.

Akapiga ukunga ambao hata mashine ya kunyolea iliusikia. Tukasikia ngazi zinapigwa. Kinyozi akaingia na mashine mkononi, na nyuma yake mteja wake, kitambaa bado kiko shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Kinyozi akamchukua mtoto akampeleka dirishani kwenye mwanga, akamgeuza mbele na nyuma. Mimi nilikuwa nasali, na sala yenyewe ilikuwa neno moja tu, nalirudia.

"Sioni kitu," kinyozi alisema. "Mbona sioni jeraha?"

"Kuna jingine hapa," mteja alisema, ananyooshea kidole sakafuni.

Kweli, lilikuwepo la pili. Wifi aliinama. Akaona la tatu, na la nne, karibu na mlango. Akasimama taratibu, kashika kiuno.

"Damu hii haitoki kitandani," alisema. "Inatoka mlangoni kuja huku."

Sote tukatazama chini. Wifi aliyafuata yale matone kama mtu anayefuata sisimizi, kutoka mlangoni, kupita kando ya kabati, mpaka mbele yangu. Akanitazama usoni, akaitazama miguu yangu.

"Wifi. Inua mguu."

"Upi?"

"Wa kulia."

Nikainua. Akaushika kisigino, akaugeuza. Pini yangu ya thelathini ilikuwa imezama kwenye unyayo wangu, imebaki kichwa tu, kinang'aa katikati ya damu iliyokwisha kuchafuka kwa vumbi.

Mtoto akanyamaza, labda kwa kuchoka.

"Umetembea nayo," wifi alisema. "Mitaa mitatu. Ngazi zote zile. Hukusikia?"

"Sikusikia."

Nikaanza kucheka. Haikuwa ile ya chumba cha dripu. Ilitoka tumboni, ikanitikisa mabega, na machozi yakatoka pamoja nayo.

"Unacheka, Bibi?" Mke wa kinyozi alikuwa mweupe kama gauni. "Roho imenitoka mimi, wewe unacheka?"

"Nacheka kwa sababu imenipata mimi, mwanangu. Mtoto wako hajaguswa. Imenipata mimi." Kisha nikasema lile lililobaki, mbele ya watu wote wale, na mteja aliyenyolewa nusu. "Vidole vyangu vimekufa. Vya mikono na vya miguu. Nahesabu pini kwa kupapasa na sisikii ninachopapasa. Nilijua, nikanyamaza."

"Tangu lini?" wifi aliuliza.

"Dripu ya tatu."

Aliachia mguu wangu, akakaa sakafuni pale pale, kwenye damu. "Mficha maradhi," alianza, akanitazama kilemba changu cha maua na mistari, akaumeza mwisho wa methali. Nilijua mwisho wake. Mke wa kinyozi naye aliujua, maana aliinamisha uso kwa mtoto.

Wifi hakuruhusu mtu yeyote aichomoe ile pini. Alimpigia simu sista, akamweleza siku ya kumi, unyayo, damu, vumbi. Sauti ya sista niliisikia mpaka nilipokaa: mleteni sasa hivi, msingoje joto lipande. Mwenye gari pale alikuwa mmoja tu, yule mteja. Alitupeleka hivyo hivyo, nusu ya kichwa ina nywele. Njiani wifi alimwambia, "Usijali baba, ukifika hospitali watadhani wewe ndiye mgonjwa," naye akacheka, na mimi nilimwona wifi anajifuta macho dirishani.

Walinipima joto: thelathini na saba nukta nane. Sista akatoa pini, akasafisha, akachukua damu kupima askari wamebaki wangapi, akanitundikia chupa ya dawa ya kuua vijidudu. Halafu akavuta kiti, akakaa, akafungua faili langu.

"Bi Kicheko, daktari aliandika hapa kwamba huna ganzi."

Ulimi ulikuwa na mzaha tayari. Unajua mtu aliyezoea kuchekesha, neno linakuja lenyewe, unalimeza kwa nguvu. Nikamweleza yote, kidole kwa kidole. Nikamweleza na kiganja kisichojua chuma cha ngazi, na mpishi wa shule, na cherehani.

"Ukiandika hayo, mtaninyang'anya cherehani?" nikauliza.

"Sijui atakachoamua daktari," alisema. "Dawa huenda ikapunguzwa, au ibadilishwe. Ningekuwa nayo ahadi ningekupa." Akaandika. Niliitazama kalamu mpaka mwisho wa mstari.

Nililala huko siku nne. Joto lilipanda siku ya pili, likatutisha, likashuka siku ya tatu. Dripu ya tano ilisogezwa mbele wiki mbili, na daktari akapunguza ile dawa inayoleta ganzi. Mikasi na sindano, alisema, nishike nikiwa na mtu mwenye macho karibu, na peku marufuku, hata chumbani. Ganzi yenyewe hakuniahidi kwamba itaondoka yote.

Wiki ya tatu mke wa kinyozi alikuja. Hakuwa amekuja wala kupiga simu tangu siku ile, na sikumlaumu. Alisimama mlangoni, mtoto mgongoni, gauni mkononi. Nikajua amekuja kulirudisha.

"Linambana kwapani," alisema. "Kumbe ndiyo maana alilia siku ile. Unaweza kulitanua, Bibi?"

Nilitazama gauni, nikatazama viatu vyangu vizito vya kufunika, nikamtazama wifi.

"Anaweza," wifi alisema. "Lakini siku hizi nahesabu mimi."

Kazi ilinichukua asubuhi nzima, kazi ya saa moja zamani. Nilipomaliza niliusogeza mkono kwenye kimto kwa mazoea, wifi akaupiga kofi. Akavaa miwani yangu, akaanza kuhesabu kwa sauti, kila pini na namba yake, mke wa kinyozi kasimama pembeni hapumui.

"Ishirini na saba. Ishirini na nane. Ishirini na tisa." Akasita. Akatazama chini ya meza. Akatazama gauni.

Nikaanza kufungua kamba za kiatu.

"Wewe, unavua nini?" wifi alisema, akafungua kiganja chake cha kushoto. "Thelathini. Kama utakufa, ufe kwa kitu kingine, si kwa utani wangu."

Kofi nililompa begani sikulisikia vidoleni, lakini yeye alilisikia.